Ford Escape ya 2009 hadi 2011: ikague throto kwanza
Kwa nafasi yake na bei yake ya mtumba, Ford Escape ya 2009 hadi 2011 ni gari la kuvutia nchini Marekani, lakini simshauri mtu ainunue kabla fundi hajaikagua throto, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Katika gari hili, mguu ukikanyaga mafuta hauvuti waya wa kuifungua throto. Kompyuta ndiyo inayoiamuru mota ndogo ifungue kilango cha hewa, na miguso ya umeme ndani ya mota hiyo ikiharibika, nguvu hukatwa papo hapo. Taa ya njano yenye umbo la spana huwaka, dereva akakanyaga mafuta na gari lisiitike, pengine katikati ya barabara kuu huku lori likimjia kwa nyuma. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, ilifungua uchunguzi mwaka 2013, nao ukaishia kwa Ford kurefusha dhamana ya kifaa hicho hadi miaka 10 au maili 150,000, bila kuyaita magari yote yabadilishiwe. Kwangu mimi hilo halikutosha hata kidogo, kwa sababu dhamana humfaa mtu baada ya gari kumzimikia, na miaka hiyo 10 sasa imekwisha. Mnunuzi adai risiti ya throto mpya kabla ya kulipa.