Mkopo wa kikundi kwa muuza dagaa wa Mwaloni: ratiba ndiyo inayobagua

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa, lawama kwa wakopeshaji ni moja: "Wale wanakopesha watu wao." Haitoki hewani. Ila ukizisoma fomu za kampuni za mikopo midogo zinazozunguka sokoni, mbaguzi mkubwa si afisa mikopo, ni ratiba ya marejesho.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, siku kumi hivi, na mchuuzi anakosa mzigo. Rejesho halipumziki, ni kila wiki. Muuza nyanya analipa. Wa dagaa anachelewa, anapigwa faini, na wenzake wanne waliomdhamini wanamchangia. Mzunguko ujao hawamtaki kundini. Amenyimwa mkopo na majirani zake, na ofisini hakuna aliyemwambia hapana.

Kuhusu riba, ukomo wa Benki Kuu ya Tanzania kwa kampuni hizi ni asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini uliza inakokotolewaje. Sh 1,000,000 kwa miezi 6, riba ikipigwa juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho, ni Sh 210,000. Ikipigwa juu ya salio, kwa marejesho ya mwezi yaliyo sawa, ni kama Sh 126,000. Halafu kuna akiba ya lazima: wakikata asilimia 10 mlangoni unaondoka na 900,000, riba unailipia milioni nzima. Hapo kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na mwenye leseni wanaanza kufanana sura.

Benki kubwa zinataka hati ya nyumba kama dhamana. Nyumba nyingi za milimani hazina, na yenye nayo mara nyingi imeandikwa jina la mume.

Mkopo wa halmashauri hauna riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Ni mzuri kuliko yote hapa, ila usiutegemee kwa mzigo wa wiki ijayo: katiba ya kikundi, akaunti ya benki na uhakiki wa afisa maendeleo ya jamii vinakula muda.

Kwenye kampuni, nenda na daftari la mauzo la miezi mitatu, siku za mbalamwezi zikiwa zimewekewa alama. Omba rejesho la mwezi, liangukie mwisho wa giza, mzigo ukiwa umeshauzwa. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi kabla hujalipia fomu.