DaVinci Resolve ya Bure: Je, Inatosha kwa Video ya Tangazo ya Tovuti Yako?

Karibuni, watazamaji. Leo tunaichambua DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video inayotengenezwa na kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, na tutaipima kwa kazi moja tu: kuandaa video fupi ya tangazo itakayokaa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya biashara ndogo. Mambo ya filamu ndefu tuwaachie wenyewe.

Toleo la bure halibandiki nembo juu ya video yako, ilimradi usitumie madoido yaliyotengwa kwa ajili ya toleo la kulipia liitwalo Studio, na linatoa picha za hadi pikseli 3840 kwa 2160, ambazo ni nyingi kuliko mahitaji ya tovuti yoyote ya aina hii. Nguvu yake kubwa, hata hivyo, ni rangi, kwa kuwa kabla ya Blackmagic kuinunua mwaka 2009 ilikuwa mtambo wa kusahihishia rangi za filamu. Tazameni video hii ya sekunde 30 ya fundi anayeshona begi la ngozi. Taa ya chumbani imeigeuza ngozi ya kahawia kuwa ya manjano, na mteja anayeagiza kwa kutegemea picha hiyo atapokea begi asilolitambua. Nikifungua ukurasa wa Color na kuipunguza thamani ya Temp, yaani joto la rangi, taratibu, kahawia halisi inarudi. Kwa mwenye duka la mtandaoni, marekebisho haya yana faida kuliko madoido yote ya maandishi yanayorukaruka.

Sasa tuje kwenye sauti, ambako wengi hupoteza nguvu zao bure. Tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome huzuia video zenye sauti kujicheza zenyewe ukurasa unapofunguka, na vivinjari vingine vikubwa navyo vina masharti yanayofanana na hayo, kwa hiyo mgeni wa tovuti yako ataliona tangazo likiwa kimya. Ujumbe wote lazima usomeke kwenye picha. Manukuu (maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video) ya kujiandika yenyewe yamo kwenye Studio pekee. Katika toleo la bure utayaandika kwa mkono, jambo ambalo kwa video yenye sentensi nne si mzigo.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni ukurasa wa Deliver, ambako video hutolewa. Programu huanza na mpangilio wa ubora wa juu kabisa, nao hutoa faili kubwa mno kwa mtu anayefungua tovuti kwa simu. Chagueni MP4, ambayo ni aina ya faili, na H.264, ambayo ni njia ya kubana video, kisha kwenye Quality wekeni Restrict to, yaani kikomo cha data, na kuandika kilobiti 2,000 kwa sekunde. Hesabu yake ni nyepesi: kwa kilobiti 10,000, sekunde 30 zinafikia takriban megabaiti 37.5, na kwa 2,000 zinashuka hadi 7.5. Picha ya mkono unaopitisha uzi, katika ukubwa wa pikseli 1280 kwa 720, bado inaonekana vizuri. Kwa kuwa video hii itachezwa kimya, ondoeni pia alama ya Export Audio.

Kasoro zipo. Programu hii ni nzito, na kwenye kompyuta yenye kumbukumbu chini ya gigabaiti 16 au kadi dhaifu ya michoro itakwamakwama hadi ukate tamaa. Anayetumia mfumo wa kompyuta wa Linux atakuta toleo la bure halisomi faili za H.264, yaani nyingi kati ya zile zinazotoka kwenye simu, na itambidi azibadilishe kwanza. Kuondoa chembechembe za picha zilizopigwa gizani nako kumetengwa kwa wanaolipa, ingawa dawa yake ni kuisogeza meza ya fundi karibu na dirisha kabla ya kurekodi. Kama kompyuta yako ni ya kawaida na unachotaka ni kukata vipande vitatu na kuviunganisha, programu nyepesi ya simu itakufaa zaidi. Mwenye kompyuta inayoistahimili, na bidhaa ambayo rangi yake ndiyo inayoiuza, naipendekeza kwake bila kusita.