Nimelipia kucheka, nimeletewa sauti inayochelewa

Jamani, kama mtu anauza filamu ya His Girl Friday na sauti inafika midomo ikishafungwa, ujue hata dakika tano hajaitazama. Huduma yenyewe ya filamu siitaji jina, wenyewe wanajijua. Bei na vifurushi mtaviona kwenye matangazo yao.

Filamu hii ya 1940, ya Howard Hawks, ni nyeusi na nyeupe, na utamu wake wote uko kwenye domo. Cary Grant ni mhariri wa gazeti. Rosalind Russell ni mtalaka wake, na ndiye mwandishi wake hodari kuliko wote, amekuja kumuaga kwa sababu anaolewa na bwana mmoja mpole wa bima. Hawa wawili hawasubiriani kuongea. Huyu hajamaliza, yule kashadakia, simu nazo zinalia. Hawks alitaka hivyo makusudi, mtu amfunike mwenzake bila mtazamaji kukosa neno.

Sasa chelewesha sauti kidogo tu uone. Kuna pale Grant anapomvamia mzee wa watu ofisini, anampa mkono na kumpongeza kama ndiye mchumba, na mchumba mwenyewe yuko hapo hapo na mwavuli wake, anahangaika kujitambulisha. Mimi nilimwona mchumba anachezesha mdomo kimya, maneno yake yakaja picha ishahamia kwa mzee. Nani atacheka hapo? Bora hata DJ wa kibanda umiza anayeisimulia filamu kwa Kiswahili, yeye anajua lini aingie.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akaniuliza, "Mama, hiyo filamu ni ya rangi?" Nikamwambia hapana. "Ahaa! Basi hizo za zamani ndivyo zilivyo, mama. Jaribu za kisasa, tunazo nyingi." Halafu akakata! Sijui nilichukia nini zaidi, ule ujinga au lile "ahaa".

Nyota moja. Na hiyo moja ni kwa vile sifuri haibonyezeki.

Ingawa, nisiwe mwongo, kifurushi sijakikata. Siku chache baadaye nikafungua It Happened One Night, humo humo kwao. Clark Gable anajitapa kwamba yeye ndiye fundi wa kusimamisha magari kwa kidole gumba, yanampita yote, vuu, vuu. Claudette Colbert anapandisha sketi kidogo, gari la kwanza tu, breki! Nilicheka hadi wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Picha safi, sauti imekaa mdomoni. Haya, nawaongezea, ziwe tatu.

Lakini hiyo ni ya 1934. Miaka sita nyuma ya ile! Kijana wa "ndivyo zilivyo", unasemaje hapo? Narudisha moja, zibaki mbili.