Opera au tamthilia ya muziki: ukate tiketi ipi?

Kila tukitoka Kenya National Theatre, ubishi huanzia ngazini na kuendelea hadi ndani ya matatu: opera na tamthilia ya muziki, ipi tamu?

Sauti kwanza, maana hapo ndipo penye tofauti hasa. Mwimbaji wa opera kwa kawaida hana maikrofoni. Sauti yake yenyewe inavuka okestra nzima na kukufikia kiti cha nyuma. Mara ya kwanza kuisikia soprano (sauti ya juu kabisa ya kike) hivyo, vinyweleo vilinisimama. Tamthilia ya muziki hutegemea kimaikrofoni kilichobandikwa shavuni. Spika ikianza kukoroma, utamu umekwisha.

Kwenye maneno, mambo yanageuka. Sarafina!, tamthilia ya muziki ya Afrika Kusini ya mwaka 1987, haihitaji kufafanuliwa: watu wanaongea, wanaimba, wanacheza, na ukumbi unaitikia. Opera nyingi huimbwa mwanzo hadi mwisho, tena kwa Kiitaliano au Kijerumani. Usiposoma kisa mapema, utamtazama mtu akikata roho huku akiimba, usijue kosa lake. (Ila opera ya Carmen ya 1875 ilianza ikiwa na mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo hata mpaka wenyewe una nyufa.)

Gharama? Okestra na kwaya si bure, ndiyo maana opera huonekana Nairobi kwa nadra.

Mimi opera naiendea peke yangu, simu nimezima. Nikiwa na watoto, au na shangazi yangu anayepiga vigelegele katikati ya wimbo, nakata tiketi ya ile nyingine.