TAHADHARI: Hita za maji "za kambi" zinazouzwa Tanga na Bagamoyo, nyingine si za gesi ya mtungi

Ndugu zangu mnaofunga trela za kambi na mnaopeleka wageni Saadani, Pangani na fukwe za Bagamoyo, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna hita za maji za gesi zinazotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa maneno haya: ya kambi, ya kubeba, inawaka kwa betri, inafungwa popote. Picha inavutia: boksi jeupe lenye kioo kidogo mbele, bomba la kuogea, mpira wa gesi. Muuzaji anaomba advansi kwa simu, mzigo unapandishwa basi, mnunuzi anaupokea stendi ya Kange na kumalizia hela kabla hajafungua kitu. Akifika nyumbani anakuta hita iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi asilia, ile inayopita kwenye mabomba, na kibati cha maelezo kimebanduliwa au kimefunikwa stika. Hita hiyo haifai kwa mtungi, na kuilazimisha kunaweza kuua mtu.

Gesi asilia ni methani. Gesi ya mtungi tunayopikia ni propani na butani, ambayo kwa ujazo uleule ina joto zaidi ya mara mbili. Kwa sababu hiyo nozeli, yaani vichwa vinavyopulizia gesi kwenye moto, za hita ya gesi asilia zina matundu makubwa, na za hita ya mtungi zina matundu madogo. Ukipitisha gesi ya mtungi kwenye matundu makubwa, moto unakaribia mara mbili ya ule uliokusudiwa, huku njia ya hewa ikiwa ileile. Gesi inaungua nusunusu. Utaona moto mrefu wa njano badala ya bluu, utasikia kishindo inapowaka, na ndani ya siku chache mapezi ya shaba yanayopasha maji juu ya moto yatajaa masizi. Mapezi yakiziba, moto unakosa pa kutokea juu, unarudi mbele na kuunguza nyaya na vali. Moshi wenyewe umejaa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi.

Mkimlalamikia muuzaji, jibu lake ni moja: "Boss, punguza hiyo nobu ya gesi itakaa sawa." Haikai sawa. Nobu inapunguza ukubwa wa moto tu, uwiano wa gesi na hewa unabaki mbovu vilevile. Kuna pia mafundi wanaoingiza waya kwenye nozeli ili kupunguza tundu. Msikubali kabisa. Nozeli zinabadilishwa kwa seti iliyotengenezwa na kiwanda kwa modeli hiyohiyo, na seti hizo ni nadra kuzipata huku kwetu.

Kabla ya kulipa, dai picha ya kibati cha maelezo, ipigwe karibu, herufi zisomeke. Kwa hita za China, gesi ya mtungi huandikwa 20Y na presha 2800 Pa. Gesi asilia huandikwa 12T na 2000 Pa. Kwa zile za soko la Ulaya, G30 au G31 ni za mtungi, G20 ni gesi asilia. Wakati mwingine huandikwa LPG au NG tu. Kibati kikiwa hakipo, au kina stika mpya juu yake, usinunue hata kama bei ni ya kutupa. Muuzaji akisema kibati kilibanduka njiani, ujue kwamba kiwandani hukibana kwa gundi kali au ribiti, hakidondoki ndani ya boksi.

Angalia pia juu ya hita. Ikiwa na shingo ya bomba la moshi na waya wa umeme wa 220 V kwa ajili ya feni, hiyo ni ya ukutani mwa nyumba. Ya kambi hutoa moshi juu moja kwa moja na huwashwa kwa betri mbili kubwa za volti 1.5.

Sehemu ya pili ya utapeli ni kifurushi cha vifaa wanachokiita "full set". Ndani yake mnapewa regulata ya presha kubwa, ile yenye mkono wa kuzungusha inayotumika kwenye majiko makubwa ya mama lishe. Hita inataka presha ndogo isiyobadilika, takriban 2.8 hadi 3 kPa, na regulata yake huandikwa 28 au 30 mbar kwenye mwili wake. Ile ya mkono inaweza kusukuma mara kadhaa zaidi ya hapo. Kiwambo cha vali ya gesi ndani ya hita kinaharibika, na baadaye gesi inavuja hata maji yakiwa yamefungwa. Mpira nao uwe wa gesi, wenye maandishi na tarehe ya kutengenezwa. Ule wa plastiki angavu, unaoonyesha kilicho ndani yake, ni wa maji. Na msisahau kwamba vali ya mtungi wa kilo 6 na ya kilo 15 hazifanani, kwa hiyo regulata inunuliwe mkiwa na mtungi wenu mkononi.

Uongo wa tatu ni kwamba haihitaji pampu, weka tu pipa juu ya trela. Hita nyingi za aina hii hazifungui gesi mpaka presha ya maji ifike karibu 0.25 bar, yaani maji yawe juu kwa mita 2.5, bado hujahesabu kinachopotea kwenye mpira. Pipa juu ya trela linakupa mita moja na nusu. Utasikia kimya, hata cheche hakuna, na muuzaji atakwambia betri zimekufa. Weka pampu ya 12 V ya lita 4 hadi 5 kwa dakika, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, na kichujio kabla ya hita. Maji ya visima vya upande wetu, hasa karibu na mawe ya chokaa ya Amboni, huacha ukoko wa chokaa kwenye bomba la shaba. Zungusha siki ndani yake kila baada ya miezi michache, kisha suuza.

Wanawasukuma pia kununua ya lita 16 za maji kwa dakika kwa kuwa "ina nguvu". Pwani hamuihitaji. Maji ya tangi yana nyuzi 27 hivi; hita ya lita 5 au 6, yenye kilowati 10, inayapandisha kwa nyuzi 25, na hayo tayari ni ya kuchanganya na baridi. Ukipunguza maji hadi lita 3 kwa dakika huku moto uko juu, yanavuka nyuzi 60 na kuunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Ya lita 16 ikiwa moto wote inakula zaidi ya kilo 2 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo: unapata ubaridi, unatoa jasho, presha inashuka, moto unazima. Ile ndogo hutumia takriban gramu 800 kwa saa.

La hatari kuliko yote ni wanaposema ina sensa, hivyo hata ndani ya trela au hema ni salama. Hapana. Hita hii inafungwa nje, wima, na juu yake pasiwe na turubai. Acha angalau nusu mita juu na sentimita 30 kila upande, na iwe mbali na dirisha kwa mita moja na nusu. Maelekezo ya kiwanda yakitaka nafasi kubwa zaidi, yafuate. Usitumie skrubu za kujitoboa kwenye bati la aluminiamu, barabara ya vumbi ya kwenda Saadani itazing'oa. Tumia bolti nne za milimita 6 zinazopita hadi ndani, nyuma weka kipande cha plaiwudi au bamba, nati za nailoki (zisizolegea kwa mtikisiko) na washa za mpira. Ni vizuri zaidi ikining'inia kwenye kulabu ili uishushe wakati wa safari. Mtungi usimame wima nje. Ukiuwekea boksi, litobolewe chini, kwa sababu gesi hii ni nzito na hutuama. Kila ukiunga, paka povu la sabuni kwenye maungio na utazame mapovu, kamwe usitumie kiberiti.

Jambo moja la kuwatendea haki wauzaji waaminifu: hita nyingi za kambi hujizima zenyewe baada ya dakika 20. Huo si ubovu.

Kama umeshanunua na moto ni wa njano, funga mtungi na usiiwashe tena. Mtu akipata kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na hita, mtoeni kwenye hewa safi mara moja, mpelekeni hospitali ya Bombo, Tanga, au kituo kilicho karibu, na mwambieni daktari kwamba ni moshi wa gesi. Kwa uvujaji mkubwa au moto, piga zimamoto 114.

Kuhusu hela: tunza ujumbe wa muamala, picha za mazungumzo na risiti ya basi. Toa taarifa kwa mtandao wako wa simu mapema, kabla hela haijatolewa, kisha tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na uandikishe polisi. Hita yenyewe usiitupe wala usimuuzie mwingine. Peleka taarifa TBS (Shirika la Viwango) au Tume ya Ushindani ukiwa nayo, kibati kilichofunikwa au alama ya mahali kilipobanduliwa ndiyo ushahidi.