Modeli ya behewa la Ryall: huo mlango jamani!

Naanza na mlango maana ndio ulionitoa roho. Niliagiza modeli ya behewa namba 12 la Reli ya Uganda, lile ambalo mwaka 1900 pale stesheni ya Kima, Kenya, simba aliingia usiku akamchukua Ryall, mkuu wa polisi wa reli. Muuzaji yuko nje huko, kwenye tangazo kajisifu kwamba kila kitu ni kama lile la asili. Haya, limefika Kampala, nafungua boksi, mlango una bawaba! Bawaba kabisa, na kitasa cha kuzungusha kama cha bafuni.

Anayekijua kisa ataelewa kwa nini nimewaka. Ule mlango ulikuwa wa kusukuma pembeni. Behewa lilikuwa limelala upande kidogo, simba alivyoingia uzito wake ukaliinamisha zaidi, mlango ukateleza ukajifunga wenyewe, ndio maana akatokea dirishani na Ryall mdomoni, huku ndani wamebaki wenzake wawili, mmoja alikuwa kalala chini na simba kamkanyaga. Sasa weka bawaba uone kama kisa kinabaki! Linakuwa behewa lolote la Uingereza lililoandikwa namba 12 ubavuni, na nadhani ndivyo lilivyo, maana hata bafa, vile vizuizi vya mwisho wa behewa vinavyopokea mgongano, ziko mbili mbili pembeni wakati mabehewa yetu ya reli yenye upana wa mita moja yalikuwa na kiungo kimoja katikati. Upana wa reli nao ni milimita 16.5, kwa skeli ya 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko behewa lenyewe, hiyo ni reli ya Ulaya, yetu ingekuwa 12 hivi. Hilo la reli ningemeza, wengi wanafanya hivyo kubana gharama. Mlango simezi.

Nikamwandikia kwa adabu, kisa chote nikamweleza, nikamwambia behewa lenyewe liko Nairobi kwenye makumbusho ya reli, halijafichwa. Jibu lake eti wateja wa Afrika huwa hawaulizi mambo hayo, nifurahie tu modeli. Nifurahie! Mimi nimekulia kwota za reli Nsambya, mzee alikuwa fundi wa mabehewa, nyumbani tulikuwa tunasikia habari za bogi na breki mpaka chakula kinapoa, leo mtu ananiambia siulizi.

Ila rangi, nisimwonee, imepakwa safi, maandishi yanasomeka mpaka yale madogo, na ukichungulia dirishani unaona vitanda. Kuna fundi mmoja Katwe kaliangalia akasema bawaba anazikwangua, mlango anaukata upya kwa bati jembamba, na bafa anazing'oa. Kwa hiyo kama una fundi, nunua. Aa, hapana, nimelisoma tena lile jibu lake, usinunue, au nunua kwa mwingine. Langu silirudishi lakini, nimeshalilipia ushuru.