Madoa meusi kwenye sakafu ya mbao: cha kununua na cha kuacha dukani

Mvua za Januari zilipata tundu kwenye bati letu hapa Isevya, Tabora, nami nikakinga karai la chuma sebuleni. Siku ya tatu nilipoliondoa, nilikuta pete nyeusi tii kwenye mbao za mninga alizotandika marehemu baba. Nikakimbilia dukani. Muuzaji akanipa chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cha manjano, "dawa ya madoa yote hiyo, mama", shilingi elfu kumi na mbili, pamoja na stiliwaya la kusugulia. Nikasugua jioni nzima. Kulipokucha baada ya siku mbili, pete ilikuwa pale pale, na kuizunguka kumejaa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa.

Vidoa hivyo ndivyo vilivyonitia uchungu. Tukienda kununua dawa ya sakafu tunauliza bei, tunauliza harufu, tunauliza kama itatosha vyumba viwili. Hatuulizi kama kile tutakachosugulia kina chuma. Mbao ngumu nyingi zina tanini, ile ile inayoufanya ulimi ukakamae ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Chuma kikikutana na tanini penye unyevu hutoa weusi unaozama ndani ya mbao. Karai lilinichorea pete, na nyuzi za stiliwaya zilizokatikia kwenye mistari ya mbao zikamalizia kazi.

Muuzaji atakuapia kwamba stiliwaya lake halishiki kutu. Lilowanishe, uliache kwenye kisahani cheupe usiku kucha. Ukiamka ukakuta maji ya kahawia, hilo ni la masufuria. Usilipime kwa sumaku, kwa sababu hata baadhi ya vyuma visivyoshika kutu hunaswa na sumaku.

Kwa hiyo cha kwanza kununua, kabla ya dawa yoyote, ni dodoki la Scotch-Brite. Nalipenda na sifichi. Halina chuma, halimwagi nyuzi, na ukilisuuza linarudi kazini. La kijani lina makali, lishike kwa mkono mwepesi. Ukipata jeupe, chukua jeupe.

Kwa doa jeusi la maji au kutu, dawa ni asidi ya oksaliki, ile ya chengachenga nyeupe. Vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki. Haipenyi vanishi, kwa hiyo kwangua kwanza kwa msasa namba 120 mpaka mbao yenyewe ionekane. Paka, subiri, na doa likififia rudia. Pete yangu iliondoka mara ya tatu, polepole, kutoka nyeusi hadi rangi ya majivu, kisha wekundu wa mninga ukarudi. Ni sumu: vaa glavu, weka watoto mbali, futa kwa maji safi mara tatu. Usipige msasa juu ya mabaki yaliyokauka, vumbi lake linaumiza mapafu. Wala usiichanganye na Jik hata tone, hutoa gesi ya klorini.

Mkojo wa mtoto au mchuzi ni habari nyingine. Hapo nenda duka la dawa ukachukue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ijaribu pembeni kwanza, kwa sababu hupausha.

Jik ni rahisi, lakini haiondoi weusi wa chuma, na mbao hubaki na manyoya.

Kinachoniuma ni kuuziwa kemikali kwenye chupa za maji, bila jina, bila onyo, chupa ambayo mtoto mwenye kiu ataifungua bila kufikiri. Na bei inapangwa kwa kukutazama umevaa nini: jirani yangu aliuziwa ile ile kwa elfu saba. Nilirudi pale nikaomba nioneshwe dumu ilikotoka hiyo dawa, nisome lebo. Nikaambiwa limeshatupwa. Oksaliki nikaagiza Mwanza, ikaja na basi kwenye kopo lake, kifuniko kimefungwa na jina limeandikwa.